Sinema na Amana ya Habari

Watu wengi zama hizi hawaisomi tarikhi, bali huitazama. Waliyoyaona katika sinema ndiyo yabakiayo nyoyoni mwao, na akisimama mtu kuwaambia kuwa haikuwa hivyo, yeye ndiye huonekana mzushi. Basi yatupasa tuulize: je, mwenye kutengeneza sinema ana ruhusa ya kuyageuza yaliyotukia, ikiwa nia yake ni njema?

Mwaka 1963 Youssef Chahine wa Misri alitoa sinema ya Salahuddin Al-Ayyubi. Ndani yake yumo Isa Al-Awwam, yaani Isa mwogeleaji, naye ameonyeshwa kuwa ni Mwarabu Mkristo. Kuonyesha umoja wa Waarabu ni jambo zuri. Lakini Ibn Shaddad, kadhi aliyekuwa pamoja na Salahuddin, ameandika kuwa Isa alikuwa Mwislamu, akipita usiku chini ya merikebu za maadui kuwapelekea barua na dinari watu wa Akka waliozingirwa. Usiku mmoja akafa maji, na bahari ikamtupa pwani ya Akka, na amana ingali kiunoni mwake.

Tena katika Kingdom of Heaven, sinema ya Ridley Scott ya mwaka 2005, Salahuddin awaacha watu wote wa Baitul-Muqaddas watoke salama pasipo malipo. Waislamu wengi wakafurahi. Lakini mwaka 1187 palikuwa na fidia: dinari 10 kwa mwanamume na 5 kwa mwanamke. Maskini wengi walikombolewa au waliachiliwa kwa huruma, na maelfu ya waliokosa fidia wakatiwa utumwani.

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Uwongo unaotutukana twaupigia kelele. Huu unaotusifu je?

Huenda mtu akasema: sinema si kitabu cha tarikhi, haina budi kufupisha na kutunga maneno. Hayo twayakubali, kwani mtazamaji naye ayajua. Lakini kumbadilisha mtu dini yake, au kuifuta fidia waliyoililia wanyonge, si kufupisha. Ni kushuhudia lisilokuwa. Na mtazamaji akija kuujua uwongo huo, ataishuku hata huruma ya Salahuddin iliyokuwa kweli.

Wanavyuoni wa Hadithi walilijua jambo hili zamani. Walikuwako watu waliozua Hadithi ili kuwapendekezea wenziwao ibada, wakidhani watenda wema. Wanavyuoni hawakuitazama nia yao. Waliwaita waongo, wakazitupa habari zao.

Basi, ndugu zetu, hatuwakatazi kuitazama sinema ya tarikhi. Twawaomba baada yake mfungue kitabu, na muwafundishe watoto kuuliza: habari hii yatoka kwa nani? Isa aliifikisha amana yake na hali amekwisha kufa. Sisi tulio hai tuna udhuru gani wa kuipoteza habari yake?