Mjukuu Wangu, Kabla Hujajaza Fomu

Mjukuu wangu,

Juzi uliniuliza mbele ya wajomba zako: ukisomea saikolojia ya afya, utakula nini? Mjomba wako mkubwa akadakia kwamba utakula na vichaa. Watu wakacheka, nami nikacheka, maana chai ilikuwa tamu na sikutaka kuiharibu. Lakini swali lako likabaki mezani pamoja na vikombe. Nakujibu sasa kwa maandishi, mimi niliyevaa gauni jeupe la uuguzi miaka thelathini na sita.

Kwanza nimtoe mjomba wako njiani. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anamhudumia aliyezidiwa na sonona, hofu au mkasa uliomvunja. Huyu unayetaka kuwa wewe utamkuta mahali ambapo mjomba hakumtarajia: kliniki ya kisukari na presha, wodi ya saratani, chumba cha mashine za kusafisha damu, dirisha la dawa za ARV. Anashughulika na ugonjwa wa mwili, ila anauingia kwa mlango wa mwenye mwili. Mgonjwa huyu anaamini nini kuhusu maradhi yake? Anamficha nani vidonge? Kwa nini anajua vizuri kabisa kwamba sigara itamuua, na bado anamtuma mtoto dukani akamnunulie?

Nikupe kisa ambacho sijawahi kukisimulia nyumbani.

Miaka ya tisini alikuja kliniki yetu fundi cherehani mmoja, mtu mpole, sukari imepanda na vidonge havimsaidii tena. Daktari akamwandikia insulini. Mimi ndiye niliyemfundisha kuvuta dawa kwenye bomba, kujidunga tumboni, na kuitunza chupa kwa ubaridi wa mtungi kwa kuwa hakuwa na friji. Nikamshukia na habari za chai ya sukari, soda na milima ya ugali. Kila neno aliitikia, "Sawa, sista." Hakujidunga hata siku moja. Aliporudi na kidonda mguuni nilimgombeza mbele ya foleni nzima, watu wakimtazama. Hakuja tena mpaka alipoletwa kwenye machela, na mguu ukakatwa chini ya goti. Kule wodini wauguzi tulisema ile methali yetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tuliisema kwa kujiamini, na sauti yangu ilikuwamo.

Mkewe ndiye aliyenieleza, siku ya kuruhusiwa, tukisubiri karatasi zisainiwe. Kaka wa fundi alianzishwa sindano hizohizo akiwa tayari hoi, akafa mwezi uleule. Tangu hapo, katika ukoo ule, sindano ya sukari ilikuwa ni habari ya msiba. Mume wake aliipokea ile chupa kama mtu aliyekabidhiwa sanda yake. Miezi yote ile hakuna kati yetu aliyemuuliza, "Ukisikia insulini, moyoni unaona nini?" Ni swali la dakika moja. Mkuu ndiye hakusikia, guu likavunjika la mwingine.

Baadaye nilipopelekwa kozi, nikakuta Mmarekani mmoja, Howard Leventhal, amelishughulikia jambo hilo hasa. Alisema kila mgonjwa ana picha yake ya ugonjwa: unaitwaje, umetoka wapi, utakaa muda gani, utamfanyia nini, una dawa au hauna. Dawa ataimeza au ataiacha kwa kufuata picha hiyo, hata kama daktari ana nyingine. Mwaka 1985 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa wa presha. Wengi walikubali kwamba mtu hawezi kuhisi presha yake ikipanda. Kisha wengi walewale wakasema wao wenyewe wanaihisi! Hata sisi hapa mtaani tunamjua anayesema, "Leo naisikia, ngoja nimeze kimoja." Siku asipoisikia hamezi. Utamhubiria mpaka sauti ikauke, lakini mpaka uiguse picha yake, kidonge kitabaki kwenye pakiti.

Fani yenyewe ni changa kuliko mimi. Mwaka 1977 daktari George Engel wa Rochester, jimbo la New York, aliandika katika jarida la Science kwamba udaktari unaotazama chembechembe za mwili peke yake haujamwona mgonjwa mzima. Atazamwe pamoja na nafsi yake na jamii yake. Mwaka uliofuata chama cha wanasaikolojia wa Marekani kikafungua kitengo cha saikolojia ya afya, na Joseph Matarazzo akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaajiriwa, naosha mabomba ya kioo na kuyachemsha.

Lakini usidhani bibi zako walikuwa gizani. Sisi Waswahili mtu akikonda, akikosa usingizi, kichwa kikimgonga, tunasema ana mawazo. Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake huko Ohio walichukua wanawake waliokuwa wakiwauguza ndugu waliopoteza kumbukumbu, wakawatia kidonda kidogo mkononi, na wanawake wenzao wasio na mzigo huo wakatiwa kidonda kama hicho. Vya wauguzaji vilichelewa kupona kwa siku tisa. Mawazo yamepimwa kwenye ngozi. Mimi niliposoma hilo nilimkumbuka mama yangu mwaka ule tuliomuuguza babu yako, na kile kidole chake cha kisu cha jikoni kilichokataa kufunga.

Washona wa Zimbabwe nao wana neno kama letu: kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Daktari wa akili Dixon Chibanda amewahi kusimulia jinsi mgonjwa wake wa miaka 26 alivyojiua. Familia ilijua anahitaji kurudishwa hospitali, ila haikuwa na dola 15 za nauli. Mwaka 2006 Chibanda akaanza na akina bibi kumi na wanne wa Mbare, mtaa wa Harare, akawafundisha, akawaweka kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mwenye kufungisisa anakaa na bibi, anamwaga yaliyomo, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua moja ya kuanzia, anarudi kuelezea ilivyokuwa. Jambo hilo lilipimwa kwa watu 573 katika zahanati 24, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona kati ya waliokaa benchi walikuwa kama 14 kwa kila mia. Kwa wale waliopata huduma ya kawaida walikaribia 50. Mabenchi hayo sasa yamefika hadi Malawi na Zanzibar.

Nakutajia kisa hicho kwa sababu mbili, na ya kwanza ni ile nauli. Fani hii ina kishawishi kibaya: ukishajifunza habari za nia na imani, kila anayekosa kliniki utamwona ana kasoro kichwani. Muulize kwanza alikuja kwa gari gani na kwa shilingi ngapi. Wengi wanaoandikwa watoro wa dawa, ukiwafuata nyumbani utakuta daladala mbili na kibarua cha siku kinachopotea.

Ya pili ni kupima. Akina bibi wa Harare wana huruma, lakini hata wale wenye huruma huweza kuharibu. Mimi nilimgombeza fundi kwa huruma. Kilichowapa nguvu ya kusikilizwa na wizara ni hesabu. Kwa hiyo ile takwimu unayoikimbia itakukamata. Utajifunza kutunga dodoso, kulinganisha makundi, kujua kama nafuu imeletwa na ulichofanya au imekuja yenyewe. Kama unadhani saikolojia ni kimbilio la waliochoka na hesabu, badili fomu mapema.

Sasa kula. Sitakudanganya, mjukuu wangu. Tangazo la kazi lenye jina "mwanasaikolojia wa afya" utalisubiri sana. Utaanza na shahada ya kwanza ya saikolojia, kisha uzamili. Muhimbili, kwenye chuo kikuu cha afya, kuna uzamili wa saikolojia tiba, na wengi wa kwetu huingilia mlango huo, kisha wakaegemea magonjwa ya mwili. Ukivuka Namanga, Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014, hivyo utahitaji kusajiliwa kabla ya kufungua mlango. Ajira utaipata kwa majina mengine: mshauri nasaha, mtafiti msaidizi, afisa wa mradi, mwalimu wa chuo cha uuguzi. Miradi ya wafadhili inalipa vizuri na inafungwa bila kuaga, kwa hiyo weka akiba na usikope gari. Na ukiingia hospitali, madaktari wengine watakutuma ukawatulize wagonjwa wakorofi, kana kwamba wewe ni sindano ya usingizi. Vumilia mwaka wa kwanza. Wakiona wagonjwa wako wanarudi kliniki kwa tarehe, watakuita wenyewe kwenye mzunguko wa wodi.

Jina ushauri nasaha nalo limetuponza kidogo. Dawa za ARV zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wengi wetu tulipelekwa semina za siku chache, tukarudi tukiamini kazi ni kunasihi: fanya hivi, acha vile. Tukawa tunazungumza dakika ishirini na mgonjwa dakika mbili. Mama mmoja alinyamaza kwangu ziara nne nzima. Ya tano nilikuwa nimepoteza sauti kwa mafua. Siku hiyo ndiyo aliyoniambia kwamba vidonge vyake anavificha kwenye kopo la unga, mumewe akiwa safari anameza, mumewe akirudi anaacha. Tukapanga awe anavimezea kwa dada yake wa nyumba ya pili, kila jioni akienda kuchota maji. Ilitosha.

Nimeona barua yangu nayo imekuwa ya kunasihi tu, kwa hiyo nitaishia hapa. Alhamisi kuna kliniki ya kisukari pale ninapokwenda kupima. Njoo saa moja asubuhi, vaa viatu vya kawaida, ukae na mimi kwenye benchi la wagonjwa. Ukae mpaka saa saba, usiulize kitu, usiandike kitu, sikiliza wanachoambiana kabla jina halijaitwa na wanachoambiana wakishatoka kwa daktari. Fomu ya chuo uje nayo, tutaijaza tukirudi.