Biti Hii ni Yangu Kweli?



Kijana mwenzangu, leo nataka tuongee jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu mavuno ya mwaka jana. Linahusu kompyuta, muziki na amri ya saba. Kama umeanza kutengeneza biti chumbani kwako, au unatamani kuanza, kaa nami kidogo.

Mimi ni wa Sepuka, huku Ikungi, mkoani Singida. Nyumbani tunalima alizeti, mtama na uwele, tunafuga kuku. Niliuza kuku kadhaa na sehemu yangu ya alizeti, nikaenda mjini Singida kununua kompyuta iliyotumika. Fundi aliyeniuzia akaniuliza, "Nikuwekee na programu ya muziki?" Nikamwambia weka, kaka. Akaniwekea FL Studio kwa shilingi elfu tano, akafungua kufuli lake kwa namna anayoijua yeye, nikarudi nyumbani nikiwa na furaha ya mtoto aliyenunuliwa viatu vya Krismasi.

Nilianza bila mwalimu. Kioo kinakuonyesha vijumba 16 kwenye mstari mmoja. Kila kijumba ni robo ya pigo, kwa hiyo mstari mzima ni mapigo manne. Weka ngoma nzito, ile wanayoiita kiki (si kiki za mastaa wa mitandaoni!), kwenye kijumba cha 1, 5, 9 na 13. Tayari mguu unatikisika. Ongeza makofi kwenye cha 5 na cha 13, halafu kayamba katikati. Ukiweka kasi ya mapigo 90 kwa dakika, unapata wimbo wa kutembea taratibu. Ukipandisha mpaka 200 na zaidi, umeingia kwenye singeli.

Na singeli ndiyo iliyonipa moyo. Vijana wa Mburahati, Dar es Salaam, kwenye studio ya Sisso, walikuwa na kompyuta za kawaida tu, si mitambo ya mamilioni. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi zao, na muziki wa uswahilini ukaanza kuchezwa Ulaya. Nikasema moyoni, kama wao wameweza, mtoto wa Sepuka naye anaweza.

Kumbe kuweza ni jambo moja, na kustahili ni jambo jingine.

Msimu wa kupura uwele, jirani yetu, bibi mmoja mzee ninayemheshimu sana, alikuwa akiimba huku anapiga masuke. Sauti yake ni kavu, ina mkwaruzo, lakini ukiisikia unasimama. Nikamrekodi kwa simu nikiwa nyuma ya ukuta. Sikumwambia. Usiku nikaiingiza sauti ile kwenye kompyuta, nikachagua maneno mawili ya Kinyaturu yaliyonikaa vizuri, nikayakata, nikayarudiarudia juu ya kiki. Jamani, ilikuwa tamu! Vijana wa kigango wakaipenda, tukapanga kuicheza kwenye tamasha letu la vijana, nje ya Misa. Jamaa wawili watatu wakanilipa niwatengenezee za kwao. Ndani ya miezi mitatu nilikuwa nimeingiza shilingi elfu sitini. Nikajiona produza.

Siku ya tamasha bibi naye alikuja, amekaa kwenye benchi la mbele na kitenge chake. Biti ikaanza. Vijana wakaruka. Mimi namtazama yeye. Aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa jina lake. Baadaye nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Yule ni mimi?"

"Ndiyo, bibi."

Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona kila nikitaka kusema unanikatisha?"

Hakukasirika. Angekasirika ningejitetea. Akanieleza kwamba wimbo ule ni wa mama anayembembeleza mtoto wakati wa njaa. Mwanzo mama anataja njaa, mwisho anamwambia mtoto alale kwa kuwa mvua inakuja. Mimi nilikuwa nimekata palepale kwenye njaa. Kwa dakika tatu na nusu nilikuwa nimewachezesha watu kilio cha mtoto ambaye hajafarijiwa.

Usiku ule sikulala. Nikafungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki, sehemu ya amri ya saba. Namba 2408 inafundisha kwamba wizi ni kutwaa mali ya mwingine kinyume cha utashi wake ulio wa haki. Nikamfikiria bibi. Kisha macho yangu yakaenda kwenye kompyuta yenyewe, kwenye ile programu ya elfu tano. Nikashtuka. Kwa bibi dhamiri ilikuwa inanichoma, kwa programu ilikuwa imelala usingizi wa pono miezi yote ile. Kwa nini?

Jibu ni rahisi na linaaibisha: bibi nilimwona uso. Waliotengeneza FL Studio wako Ubelgiji. Wanaijenga programu hiyo tangu mwaka 1997, na sijawahi kumwona hata mmoja wao. Niligundua kwamba mimi huwa sisikii amri, nasikia aibu. Pasipo na uso wa kunitazama, amri kwangu inakuwa kama haipo.

Rafiki yangu mmoja nilipomsimulia alicheka. "Wewe! Wazungu walichukua mangapi kwetu? Na wewe ni maskini, Mungu anaelewa." Nisikilize vizuri, sitaki kumdharau, maana hoja zake zote mbili zina uzito.

Tuanze na ya umaskini. Katekisimu hiyohiyo, namba hiyohiyo, inasema si wizi pale ambapo mwenye mali akikataa angekwenda kinyume na akili na kinyume na lengo la vitu vyote kuumbwa kwa ajili ya watu wote. Mfano wake ni mwenye shida ya haraka na ya wazi: chakula, malazi, mavazi. Mtu anayekufa njaa akichukua mkate, Kanisa halimwiti mwizi. Nikajiuliza kwa ukweli: mimi nilikuwa nakufa kwa kukosa biti? Na zaidi, nilikuwa sina njia nyingine? Hapo ndipo hoja ilipovunjika. Ipo programu inayoitwa LMMS, ya bure kabisa, wenyewe waliamua kuitoa kwa watu wote, na haihitaji kompyuta kubwa. Ipo Audacity ya kurekodi na kukata sauti, nayo ya bure. Hata FL Studio yenyewe ina toleo la majaribio: unatengeneza wimbo na kuutoa, ila kazi uliyoihifadhi huwezi kuifungua tena mpaka ulipie. Mlango halali ulikuwa wazi, mimi nikapita dirishani kwa sababu dirisha lilikuwa karibu.

Kuhusu Wazungu, ni kweli, historia ina madeni. Lakini fundi wa programu aliyekaa leo anaandika kodi ili alipe kodi ya nyumba si yeye aliyenitawala. Na hata kama deni lipo, mimi sikuteuliwa na mtu yeyote kulikusanya chumbani kwangu, gizani, kwa faida yangu mwenyewe. Nikikubali kwamba aliyeonewa anaweza kumwibia yeyote wa upande ule, kesho wa kutoka mjini atasema hivyo hivyo juu yangu, nami nitakosa neno.

Lakini ngoja, nisije nikakufanya uogope kutumia sauti ya mtu yeyote. Singeli ilikua kwa kuchukua vipande vya taarabu na kuvizungusha kwa kasi. Kwaya zetu zimepokea midundo ya ngoma za mababu. Hakuna anayeanzia sifuri isipokuwa Mungu, sisi wote tunatengeneza kwa vilivyotangulia kutengenezwa. Nilichojifunza ni kwamba kupokea kunataka vitu viwili: aliyenacho ajue, na kitu chenyewe kiheshimiwe. Mimi kwa bibi nilikosa vyote viwili. Wimbo wenyewe huenda si wa bibi peke yake, ni wa ukoo mzima, ni wa Wanyaturu. Ila sauti ile, pumzi ile, jasho lile la kupura uwele, ni lake.

Nilienda kwenye kitubio. Niliyoambiwa huko yabaki huko. Nitakwambia nilichofanya baada ya hapo.

Kwanza, nilifuta programu ile. Kazi zangu 14 nilizozihifadhi hazikufunguka tena. Sitakudanganya kwamba nilisikia amani papo hapo. Nilisikia kama mtu aliyechoma shamba lake. Nikaweka LMMS, nikaanza upya na vijumba vyangu 16.

Pili, nilikwenda kwa bibi na kilo mbili za sukari, nikamwomba msamaha, nikamwomba aniimbie wimbo wote. Akaimba mpaka mvua ikaja na mtoto akalala. Akanipa sharti moja tu: "Usinikatishe kabla mtoto hajalala." Biti mpya ni ndefu kuliko ya kwanza na vijana wengine wanasema haichezeki sana. Sawa tu.

Tatu, ndiyo ngumu kuliko zote. Katekisimu, namba 2412, inataka mwenye kutwaa isivyo haki arudishe. Zakayo hakuishia kusema samahani, alitaja na hesabu. Basi zile elfu sitini nimeziweka kando, naongezea kidogo kila nikiuza kuku. Toleo la chini la FL Studio ni zaidi ya laki mbili kwa pesa yetu. Siku zikitimia nitainunua, ingawa sasa siihitaji. Rafiki yangu anasema huo ni wazimu, kulipia kitu usichokitumia. Namwambia nilishakitumia.

Kijana mwenzangu, usisubiri studio. Anza na ulichonacho: programu ya bure, hedifoni, mdundo mmoja wa mapigo manne. Maliza wimbo mmoja mfupi kabla ya kuanza mwingine. Usikilize pia kwenye redio mbovu ya nyumbani, maana ndiko watu watakakousikia. Hifadhi kazi yako kila dakika chache, umeme wetu unaujua. Na kama unataka kuuleta kanisani, muulize kwanza paroko: Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa ogani heshima ya pekee, na ala nyingine ukaziruhusu kwa kibali cha wenye mamlaka, kama zinafaa kwa ibada.

Halafu kabla hujaandika jina lako chini ya wimbo, jiulize: waliomo humu ndani, ninaowaona na nisiowaona, wangekuwa wamekaa benchi la mbele, ningeweza kuwaamkia?

Tusali: Ee Bwana, uliyetupa masikio na mikono, utupe na dhamiri inayosikia hata pale tusipoonwa na mtu. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.
Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa kompyuta, utuombee.