Wembe Mkavu



Ninyi mnaosali nasi hapa Lumumba mnayajua madirisha yetu. Kwa miaka mingi yalikuwa na maua na nyota za rangi ya mafuta, zilizochorwa na mama zetu kwa ajili ya Noeli. Yalipendeza, siwezi kusema uongo. Lakini kila mwaka tulipaka juu ya rangi ya zamani, hata msomaji wa Neno akawa anawasha tochi saa nne ya asubuhi!

Tukaamua kuiondoa. Kijana mmoja, mwenye juhudi kuliko subira, akatwaa wembe wa kutu akakwangua kioo kikavu, kisha akasugua kwa mchanga. Rangi ilitoka. Mikwaruzo imebaki, wala hakuna sabuni ya kuifuta.

Madirisha mengine aliyashika mama mmoja mzee. Alileta maji ya vuguvugu yenye sabuni, si ya moto sana, maana asubuhi kioo ni baridi nacho hupasuka. Akabandika kitambaa chenye maji juu ya rangi, akangoja. Penye rangi nzito alipaka dawa ya kuyeyusha rangi, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali. Halafu wembe mpya, ameulaza, kioo kikiwa na maji daima. Rangi ikatoka kama ganda.

Sikilizeni sasa. Rangi haiingii ndani ya kioo, inakaa juu yake tu. Na mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, Mwanzo 1:27. Vita vya 2003 hapa Bunia vilipaka wengi wetu mambo ambayo hatupendi kuyataja.

Mnamkumbuka dada yetu aliyerudi kusali. Siku ya kwanza tu tulimsimamisha mbele ya kusanyiko, tukamhoji juu ya maisha yake ya miaka ile. Maneno yetu yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa makavu. Hajarudi tena. Nami mchungaji wenu nilikuwa kati ya waliouliza. Naungama mbele yenu. Wagalatia 6:1 nimeihubiri mara nyingi, siku ile niliisahau.

Jumatano baada ya maombi nitakwenda kwake pamoja na yule mama mzee. Mama ndiye atakayesema kwanza, mimi nitanyamaza. Mtuombee.