Machozi ya Kitabuni na Mtoto wa Jikoni

Mwaka unapokwisha, wapenda vitabu wengi hufanya hesabu. Huandika majina ya vitabu walivyovisoma tangu Januari na ya sinema walizozitazama, kisha huwaonyesha rafiki zao: vitabu arobaini, sinema sitini. Desturi hii si mbaya. Aliyezitumia jioni zake pamoja na kitabu ana haki ya kufurahi, wala hatumwiti mvivu. Lakini, wasomaji wetu wapenzi, twataka kuuliza swali ambalo orodha hiyo haiwezi kulijibu. Je, huzuni tuliyoiona kwa ajili ya watu wa hadithi imetufanya kuwa wema zaidi kwa watu tunaokaa nao?

Swali hili ni la kale. Agostino, aliyezaliwa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini mwaka 354, aeleza katika Maungamo yake jinsi alivyolia utotoni kwa ajili ya malkia Dido, mtu wa hadithi tu. Alipokuwa mwanafunzi huko Karthago akapenda sana michezo ya kuigiza. Baadaye akastaajabu: ni huruma gani hii, ambayo mtazamaji haitwi kumsaidia mtu, bali aitwa kusikitika tu? Tena kadiri anavyozidi kusikitika, ndivyo anavyozidi kumsifu mwigizaji.

Tulipime neno hili kwa vitabu vyetu wenyewe. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, alitoa riwaya yake Paradise mwaka 1994; Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, ikachapishwa mwaka 2022. Humo mtoto Yusuf, akiwa katika mwaka wake wa kumi na mbili, achukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya madeni ya baba yake. Yeye ni rehani, wala hakuambiwa. Amezoea kumwita tajiri yule Ami, hata afikapo ugenini na kufahamishwa kwamba huyo si ami yake hata kidogo. Tena iko Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999 na kufanywa sinema na Amil Shivji mwaka 2021. Humo Yasmini, binti mdogo mwenye asili ya Kihindi, aozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Hadithi zote mbili zasema jambo moja: watu wazima wameyatengeneza mambo yao, na mtoto ndiye aliyelipa.

Nani asomaye hayo asisikitike? Lakini katika nyumba ile ile ambamo kitabu kimefunguliwa, au sinema inaonyeshwa sebuleni, pengine yumo jikoni msichana aliyeletwa kutoka kijijini. Huamka kabla ya wote na hulala baada ya wote. Watoto wa nyumba waenda shule, yeye hakwenda. Mshahara wake wapelekwa kwa mtu mwingine, au hautolewi kabisa. Mgeni akiuliza, ajibiwa: “Huyu ni binti yetu.” Hapo ndipo jina la Ami lirudipo. Jina la ukoo ni zuri sana, ila likitumiwa mahali pa haki lageuka kuwa pazia la kuficha deni.

Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Lakini mkaguzi wa kazi haingii kwa urahisi katika jiko la mtu. Awezaye kuona kila siku ni mwenye nyumba, na huyo ndiye aliyemlilia Yusuf.

Wako watakaotupinga. Watasema: hadithi ni za kupumzisha moyo, mkigeuza kila kitabu kuwa mahubiri, mtawafukuza wasomaji. Neno hili lina kweli ndani yake. Mtu aliyechoka ana haki ya kucheka na kusahau taabu zake, na si kila sinema yadai kitu. Wengine watasema kwamba huruma ya hadithi ni mazoezi, na afadhali moyo uliozoezwa kuliko moyo wa jiwe. Nasi twakubali. Kwa sababu hiyo hatuwakatazi watu hadithi. Bila mwandishi, wengi wetu tusingalijua kamwe yale ayawazayo usiku mtoto aliyewekwa rehani.

Lakini mazoezi ni kwa ajili ya kazi. Huruma ambayo kila siku huamshwa na kila siku huachwa bila tendo, hujifunza kutotenda. Hatari yake kubwa ni kwamba msomaji hudhani amekwisha kulipa. Ametokwa na machozi, moyo wake umekuwa mwepesi, akafunga kitabu na kuagiza chai kwa msichana yule yule. Wahenga walisema: elimu bila amali ni kama nta bila asali. Tena asiyesoma aweza kujitetea kwamba hakuwahi kufikiri. Sisi tuliosoma tumejinyima utetezi huo. Kila kitabu cha kweli chatuongezea ujuzi juu ya jirani, na ujuzi huo waongeza wajibu.

Basi, anayeandika orodha ya mwaka na aiandike. Ila pembeni ya vitabu vichache vilivyomgusa sana, ajiulize: hiki chanidai nini, na kwa nani? Ikiwa jikoni mwake yumo mtoto asiyefikia umri wa kazi, na amrudishe shuleni. Ikiwa yumo msichana wa umri halali, na ampe mshahara wake mkononi mwake mwenyewe, na siku ya mapumziko, na mahali mezani. Kama hajui kusoma, amfundishe. Kisha siku moja ampe kitabu cha Yusuf, aketi tayari kusikia atakalosema juu yake. Pengine hukumu ya msomaji huyo itakuwa kali kuliko yetu.