Mmewafundisha Kuliimba Tangazo

Sikieni, wazazi wa mji huu, nanyi walimu mnaoshika chaki. Mmeuza ukuta wa shule kwa madebe ya rangi. Kampuni ilikuja, ikapaka nyekundu kuanzia getini hadi vyooni, ikaandika jina lake kwa herufi zenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu. Jina la shule likabanwa pembeni, dogo kama sahihi ya shahidi kwenye hati ya kiwanja. Mkapiga makofi, mkaita ufadhili. Nani kati yenu aliwauliza watoto wanaopita hapo kila asubuhi: ukuta huu unataka nini kwenu?

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo mnaifundisha. Mtoto anaikamilisha kwenye mtihani, anapewa alama yake, anafunga daftari. Nje ya geti anakutana na vinavyojitembeza kwa gari la vipaza sauti, kwa bango, kwa fulana, kwa simu ya mama yake, na hajui kwamba methali ilikuwa inavisema hivyo hivyo.

Mtoto wa dada yangu yuko darasa la sita. Juzi sebuleni alituimbia tangazo zima la kubashiri mpira, tangu filimbi ya mwanzo hadi lile fungu la mwisho linalosomwa kana kwamba msomaji anakimbizwa na mbwa: vigezo na masharti kuzingatiwa. Tulicheka mpaka machozi. Mjomba wake, yaani mimi ninayekaripia hapa, nikamtunza mia tano. Ndipo nikamuuliza, vigezo ni nini? Akanitazama kwa huruma. "Si yale maneno ya kuonyesha tangazo limeisha, mjomba."

Ole wetu. Katika tangazo lote lile, hapo ndipo ukweli ulipofichwa, na ndiyo maana panapitwa mbio. Mtoto ameshika kila neno na hajaelewa lile moja lililowekwa kwa ajili ya kumkinga. Na sisi tukamlipa.

Mtasema kamari si ya watoto, imeandikwa 18+, imeandikwa cheza kistaarabu. Mwaka 2017 SportPesa ilizidhamini Simba na Yanga kwa pamoja, na jina la kampuni ya kubashiri likakaa kifuani mwa mahasimu wote wawili. Nionyesheni mtoto wa Dar es Salaam anayefumba macho mchezaji wake anapofunga bao! Sweden ilikwisha kuyakataza matangazo ya televisheni yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 12 tangu 1991. Kenya, Aprili 2025, ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Nyinyi mnangoja serikali iwazimie redio iliyo mezani kwenu.

Wala msiniletee habari ya mtaala na uhaba wa vitabu. Watoto wa darasa la saba wanajua mkeka wa kubashiri ni nini, wanajua mkeka kuchanika ni nini. Wasichojua ni hesabu yake, na hesabu ni kazi yenu. Chukueni chaki. Tuseme mchezeshaji anajibakizia shilingi 6 katika kila 100 kwenye mechi moja. Kwa wastani zinarudi 94, si mbaya, mtu anaweza hata kuona ametendewa haki. Sasa mtoto apange mkeka wa mechi kumi, ule usiolipa mpaka zote zikubali. Azidishe 0.94 kwa 0.94, tena na tena, mara kumi. Mwacheni aifanye kwa mkono, jasho limtoke, apate karibu 0.54. Katika kila 100 anayoweka, kwa wastani 46 zimekwenda kabla hajaona bao. Hapo ataelewa kwa nini tangazo linampigia debe mkeka mrefu, na kwa nini yule aliyeshinda mamilioni anaonyeshwa peke yake, akiwa ameshika hundi kubwa kama mlango. Wenzake waliochaniwa hawaingii kwenye picha. Ni somo la desimali tu hilo, na mnalo tayari.

Au nendeni kwenye shimo la takataka nyuma ya madarasa. Okoteni pakiti ya kinywaji. Mbele pana chungwa lililokatwa, linadondosha maji. Nyuma, kwa herufi za kuchungulia: maji, sukari, asidi ya sitriki, rangi, ladha ya chungwa. Mwambieni mtoto aitafute tofauti kati ya "juisi ya chungwa" na "ladha ya chungwa". Neno hilo moja limeruhusu picha yote ile bila kampuni kusema uongo hata kidogo. Kipindi cha Kiswahili cha dakika 40 kinatosha, na mwalimu hahitaji hata kununua pakiti. Mkimaliza, mkamguse na msanii anayesema "mimi mwenyewe natumia krimu hii": amelipwa kwa neno lile "mimi".

Lakini mnalifundishaje msilolijua? Ni watu wazima, wenye vyeti na miwani, waliopanda mbegu zao kwenye upatu wa DECI, wakaahidiwa mavuno bila kuuliza shamba liko wapi, hadi serikali ilipoingilia mwaka 2009. Mtoto hakuwepo kwenye foleni ile. Alikuwa nyumbani anawangoja, na mliporudi mikono mitupu hamkumweleza mlivyonaswa, kwa sababu mliona aibu. Mngemweleza! Lilikuwa ndilo somo zuri kuliko yote mliyopata kuwa nayo, na ada yake mlikwisha kuilipa.

Endeleeni kucheka sebuleni. Endeleeni kumtunza mia tano kila anapoghani tangazo vizuri. Jioni moja utaitafuta ada ya mtihani kwenye simu na kukuta salio halipo. Utapiga kelele, utamshuku wakala, utamshuku dada wa kazi. Kisha utafungua ujumbe na kusoma kwamba umeweka mkeka wa mechi kumi, wewe, kwa jina lako kamili, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama ya kidole chako.