Barua ya Kwanza Kutoka Ugenini

Kwa miaka mingi vijana wa kwetu, wa Fizi na Baraka, wamekuwa wakiwaaga jamaa zao kwenda kusoma katika miji ya nchi nyingine. Mmoja huvuka ziwa la Tanganyika hadi Kigoma, kisha huifuata ile reli iliyofika pale mwaka 1914, mpaka Dar es Salaam. Mwingine hupitia Uvira kwenda Bujumbura. Mwingine huenda Kampala, na wachache huenda Ulaya.

Kumtuma kijana ni kazi ya watu wengi. Baba huuza mbuzi wake. Mama huweka akiba kidogo kidogo kutokana na ndagala anaouza sokoni Baraka. Mjomba anayekaa mlimani, upande wa Fizi, huleta fedha za mihogo. Wakristo wa shirika la mtaa nao hawakosi kuongeza kitu. Kijana akiisha kuondoka, watu hao wote hungoja neno lake.

Neno lenyewe huja. Zamani lilikuja kwa barua. Siku hizi laja kwa simu, tena usiku uleule. "Mama, nimefika. Niko salama. Chumba ni kizuri, chakula kipo, masomo yanaendelea vizuri." Watu humshukuru Mungu, wakalala.

Basi, tuseme kwamba neno hilo si kweli. Tuseme kijana analala sakafuni kwa mtu asiyemjua vema, anakula mara moja kwa siku, na fedha za minervali zimepungua tangu alipozibadili mpakani. Anaposema "niko salama", je, amewakosea wazazi wake, au amewatendea tendo la upendo? Hilo ndilo swali tunalotaka kulichungua leo.

Yafaa kwanza tujue jinsi majuma ya kwanza ya ugenini yalivyo. Wasiosafiri hudhani kwamba shida ya ugenini ni baridi, au chakula kisichozoeleka. Hizo ni shida, lakini ni ndogo. Shida kubwa ni kwamba mtu aliyekwisha kuwa mkubwa huwa mtoto tena. Nyumbani alikuwa wa kwanza darasani, na wadogo walimwuliza maana ya mambo. Sasa hajui hata njia ya kwenda sokoni. Hajui bei ya kitu chochote, na wauzaji wajua kwamba hajui. Amesomeshwa kwa Kifaransa. Huko Kampala na Dar es Salaam walimu wa chuo kikuu hufundisha kwa Kiingereza. Hata Kiswahili, alichokisema tangu utoto, chamletea kicheko. Yeye husema "niko na njaa"; mwenzake wa Dar es Salaam husema "nina njaa". Njaa ni ileile, lakini mmoja achekwa.

Ndipo haya humwingia. Na tukitazama vema, tutaona kwamba uongo mwingi wa watu wazuri hautoki katika moyo mbaya, bali katika haya.

Lakini tumtendee haki kijana huyu, tusikilize sababu zake. Husema: "Mama yangu ana ugonjwa wa presha, nikimwambia ninalala na njaa, habari hiyo yaweza kumwua." Tena husema: "Wameshatoa vyote walivyokuwa navyo. Kuwaambia ni kuwaongezea uchungu bure." Na mwisho husema: "Shida hii ni ya majuma machache. Nitazoea, na neno langu la uongo litakuwa kweli." Hizi si sababu za mtu mwovu. Ni sababu za mtoto anayewapenda wazazi wake, nasi hatutaki kuzidharau.

Walimu wa Kanisa walilifahamu jambo hili zamani. Mtakatifu Toma wa Akwino aliugawa uongo sehemu tatu: uongo wa kumdhuru mtu, uongo wa mzaha, na uongo wa kumsaidia mtu. Uongo wa kijana wetu ni wa namna ya tatu. Mtakatifu Toma hakuuhesabu kuwa dhambi ya mauti, lakini hakukubali pia kuuita tendo jema.

Mtakatifu Augustino naye, katika kitabu alichokiandika yapata mwaka 420 juu ya uongo, alitoa mfano unaokaribia wetu sana. Yupo baba, mgonjwa taabani. Mwanawe wa pekee amekufa, naye hana habari. Anauliza: "Mwanangu yu hai?" Je, wamwambie kwamba yu hai, ili asife kwa huzuni? Augustino akiri kwamba swali hilo lamchoma, kwa kuwa yeye ni binadamu. Hata hivyo haukubali uongo. Aona kwamba tukiufungulia mlango kwa ajili ya huruma, hatutajua tena mahali pa kuufunga.

Pengine msomaji atasema kwamba askofu huyo wa kale hakuzijua taabu za wanafunzi. Alizijua sana. Augustino alikuwa mtoto wa Afrika, aliyezaliwa mwaka 354 katika mji mdogo wa Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Baba yake, Patricius, hakuwa tajiri. Kijana alipokuwa na miaka 16 ilimbidi akae nyumbani mwaka mzima bila masomo, baba akitafuta fedha za kumpeleka Karthago, mji mkubwa wa pwani. Mtu mwenye mali wa Thagaste, jina lake Romanianus, alisaidia. Je, hiyo si habari ya nyumba nyingi za Baraka?

Tena yeye mwenyewe alimdanganya mama yake. Mwaka 383, akiwa sasa mwalimu, alitaka kwenda Roma. Mama yake, Mtakatifu Monika, alimfuata mpaka pwani, hataki kumwacha. Augustino akamwambia kwamba anamsindikiza tu rafiki anayengoja upepo. Akamshawishi mama alale katika kanisa lililokuwa karibu na bandari, na usiku ule akapanda merikebu akaenda zake. Alipofika Roma alishikwa na homa kali, karibu afe. Mama, ng'ambo ya bahari, hakujua neno. Augustino aliyaandika hayo yote baadaye katika kitabu chake cha Maungamo, wala hakujitetea. Basi, anapotuonya juu ya uongo, hatuonyi kama mtu aliyekaa mbali na jambo lenyewe.

Sasa tuulize: uongo huo wa kijana wetu waharibu nini hasa? Twaona mambo matatu.

Kwanza, wawafunga wazazi mikono. Kijana husema kwamba wazazi hawana kitu tena cha kutoa. Ajuaje? Mzazi asiye na fedha bado ana watu. Pengine yuko Mbembe mwenzao aliyeolewa Bujumbura, au mfanyabiashara wa Baraka anayefika Kigoma kununua bidhaa, au padri aliyesoma katika mji uleule. Neno moja la mama laweza kumpatia mtoto kitanda. Lakini nani atatafuta kitanda kwa mtu aliyesema kwamba chumba chake ni kizuri? Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Pili, wampotosha anayefuata. Mwaka 1952 Thomas Kanza aliondoka Kongo kwenda chuo kikuu cha Louvain, Ubelgiji. Huhesabiwa kuwa Mkongomani wa kwanza asiye padri kumaliza chuo kikuu huko, mwaka 1956. Hakuwa na ndugu mlei aliyetangulia ambaye angemwuliza habari za huko. Leo wanaotangulia ni wengi, na kila mmoja ni shahidi kwa walio nyuma yake. Akituma picha aliyopigwa mbele ya gari la mwingine, mdogo wake atamwambia baba: "Uza shamba, nami niende." Shamba litauzwa. Uongo uliotungwa ili mama apate usingizi utakuwa umemnyang'anya mtoto wa pili urithi wake.

Tatu, uongo wa juma la kwanza wahitaji kulishwa kila juma. Aliyesema chakula kipo hawezi kuomba fedha za chakula juma la pili. Atalazimika kutunga ugonjwa, au kitabu kilichoibwa. Aliyesema masomo yanaendelea vizuri hawezi kueleza matokeo mabaya mwisho wa mwaka. Mwisho, mtu anakuwa mgeni mara mbili: mgeni katika mji alioko, na mgeni kwa watu wake, maana wao wanampenda mtu ambaye hayupo. Upweke huo wazidi njaa.

Je, tunasema basi kwamba kijana aeleze kila kitu, kwa kila mtu, saa ileile? Sivyo. Kusema uongo ni jambo moja, na kunyamaza ni jambo jingine. Mtakatifu Toma mwenyewe, akimfuata Augustino, akubali kwamba mtu aweza kuuficha ukweli kwa busara. Jirani anayeuliza kwa udadisi hana haki ya kujua kijana amekula nini. Hata mama si lazima ahesabiwe kila chozi. Kijana aweza kusema: "Nimefika. Mwanzo ni mgumu, lakini bado nina nguvu. Niombeeni." Hakudanganya, wala hakumtia mama hofu isiyofaa. Na kama kweli mama ni mgonjwa, yuko baba, yuko mjomba, yuko dada mkubwa. Na amweleze mmoja wao mambo kamili, naye atajua saa na namna ya kumwambia mama.

Kipimo chetu ni hiki. Kijana na ajiulize: "Ninanyamaza ili nimwondolee nani mzigo? Mama, au mimi mwenyewe?" Kama namficha mama jambo asiloweza kulisaidia, ambalo litapita kesho, kunyamaza kwaweza kuwa upendo. Lakini kama namficha jambo analoweza kulisaidia, kwa kuwa naona haya kuonekana nimeshindwa, hapo simlindi mama. Nalilinda jina langu.

Tena kuna jambo ambalo vijana wetu hulisahau. Hudhani kwamba wazazi hawawezi kuvumilia habari za ugenini. Lakini wazazi wengi wa Fizi na Baraka ni nani? Ni watu waliovuka ziwa usiku kukimbia vita, mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Walilala chini Kigoma. Walipanga foleni ya unga na maji katika kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, na katika kambi ya Lugufu. Wengi walirudi kwa meli mpaka Baraka kuanzia mwaka 2005. Mama ambaye mtoto aogopa kumwambia "nina njaa" yajua njaa ya ugenini kuliko mtoto huyo. Alijua kumwomba maji mwanamke wa lugha nyingine. Alijua siku gani mgeni huacha kulia na kuanza kupika. Mtoto akimficha taabu yake, ajinyima mwalimu aliye bora kuliko wote.

Lakini hatutamwekea kijana mzigo wote peke yake. Ukweli wahitaji mahali pa kupokelewa. Akisema, "Baba, nimeshindwa mtihani wa lugha," na baba akajibu, "Tumeuza mbuzi bure," kijana huyo hatasema kweli tena. Baba mwenyewe atakuwa amemfundisha uongo. Na sisi majirani je? Aliyerudi kabla ya kumaliza, tunamcheka kisimani na mlangoni mwa kanisa. Kicheko hicho husikika mpaka Kampala, na ndicho kinachowafanya wengine waandike "niko salama" wakiwa hatarini. Tena wazazi nao wasiwafiche watoto mambo makubwa ya nyumbani. Wako wanaficha ugonjwa wa baba, au nyumba iliyochomwa, "asije akaacha masomo". Mtoto huja kuyasikia kwa mtu wa pembeni, na tangu siku hiyo hasadiki tena neno la kwao. Kipimo cha kunyamaza ni kilekile, huku na huko.

Basi twatoa shauri moja, nalo lifanyike kabla ya safari, wakati mizigo inafungwa. Wazazi waketi na kijana wamwambie waziwazi: "Majuma ya kwanza yatakuwa mabaya. Twajua, tulikuwako. Utuambie. Hatutakugombeza." Wapatane pia ni nani atakayeambiwa mambo magumu kwanza. Maneno hayo hayagharimu franka hata moja, na yaweza kuokoa fedha zote zilizokwisha kutolewa.

Naye kijana, atakapofika na kuketi mara ya kwanza katika chumba kisicho chake, asiandike kwanza yale yatakayowafurahisha watu. Aandike neno moja la kweli, hata likiwa dogo. Njia ya mwongo ni fupi. Ya masomo ni ndefu, na hakuna awezaye kuimaliza akiwa amejificha kwa wale waliomtuma.