Ningelijuaje, Mjukuu Wangu?

Kaa hapa, mjukuu wangu. Si kiti hicho, kimelegea mguu. Vuta kile cha plastiki. Tangu Idi unanirudia neno lile lile, na leo nataka tulimalize kabla ya adhana ya magharibi. Wasema, “Babu, lau hukuiuza ile Datsun, leo tungekuwa watu.” Mimi nilidhani tulikuwa watu siku zote, lakini haya.

Gari lile nalikumbuka kuliko wewe uliyeona picha tu. Datsun 240Z, ndugu ya zile zilizochukua Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Ndugu kwa jina, maana yangu haikuwahi kumshinda hata mbuzi barabarani. Chumvi ya bahari ilikuwa imeila sakafu, ukiendesha waona lami inapita chini ya miguu. Nikamuuzia mtu wa skrepa, na pesa zile mama yako akasomea kidato cha tatu. Hesabu ile kwangu ilifungwa siku hiyo. Umeifungua wewe na video yako ya mnada.

Nimeitazama mara tatu, maana ulinishikia simu usoni. Monterey, California, Agosti 2018: Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962 inanunuliwa kwa dola milioni 48.4. Gari zuri, sibishi. Injini ya silinda kumi na mbili, lita tatu, na bodi iliyopigwa kwa mkono. Zilitengenezwa 36 tu, kati ya 1962 na 1964, na Marekani kila moja ilikuwa kama dola 18,000. Hata ukiwa na pesa hizo mfukoni, mwenye kiwanda, Enzo Ferrari, alitaka kwanza ajue wewe ni nani.

Yaliyotokea katikati, video haikukwambia. Gari la mashindano likishapitwa na jipya huwa mzigo tu: lapiga kelele, lanywa mafuta, halina pa kuweka mkoba wa sokoni. Moja katika hizo 36 mwenyewe aliitoa sadaka kwa shule ya sekondari huko Victoria, Texas, wanafunzi wajifunzie ufundi. Mwaka 1972 shule ikaiuza kwa dola 6,500. Mnunuzi akaipeleka Ohio, akaiacha juu ya trela, uwanjani, kwenye mvua na theluji, miaka kama kumi na tano. Fikiri ni watu wangapi waliopita pale. Mafundi, wenye pesa, watoto wa shule. Waliona chuma kinachooza.

Hapa ndipo nataka unisikilize. Unapoisikia hadithi ile, moyoni wajiweka mahali pa nani? Wajiona wewe ndiye ungesimamisha gari, uruke seng’enge, uinunue. Hapana, mwanangu. Wewe ungepita kama walivyopita wao, na mimi ningepita nawe. Waliopita hawakuwa wajinga. Thamani unayoitaja haikuwamo ndani ya gari siku ile. Ilikuja baadaye, ikaletwa na watu waliokuwa vijana enzi zile, wakakua, wakatajirika, wakataka kununua ujana wao.

Na ikija huondoka pia. Enzo Ferrari alifariki mwaka 1988, bei zikapaa kama tiara. Wajapani walikuwa na pesa nyingi wakati huo, na mwaka 1989 GTO moja iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 13. Kufika 1994 gari la aina hiyo hiyo lilipatikana kwa kama milioni tatu. Wewe umenionyesha aliyeuza 2018. Yule aliyenunua 1989, mbona hujanitafutia video yake?

Halafu wanachonunua si gari hasa. Wananunua karatasi. Nambari ya chasisi, injini ile ile iliyotoka nayo kiwandani, jina la kila dereva, kila shindano, kila mwenyewe tangu siku ya kwanza. Mimi nimefanya kazi gereji miaka arubaini, na sifa yangu ilikuwa kutoa injini hapa, gia pale, tekisi ikarudi barabarani Ijumaa. Kwa mizani ya matajiri wale, magari yote niliyoyaponya niliyaharibu. Mwaka 2019 mahakama moja ya Bologna, Italia, ilitambua GTO kuwa kazi ya sanaa, watu wasiige umbo lake. Kazi ya sanaa! Nami nilikuwa naifuta mikono kwa tambara.

Mwaka 2022 Mercedes 300 SLR ya mwaka 1955 ilifika euro milioni 135, huko Stuttgart. Za aina hiyo, zenye paa, ziko mbili tu duniani. Mhandisi wao Uhlenhaut moja aliiendesha barabarani kama gari la kazi. Kwa nini ziliishia mbili? Mwaka huo wa 1955, katika mbio za Le Mans, 300 SLR isiyo na paa iliruka ikaingia kwa watazamaji, wakafa zaidi ya watu themanini, na msimu ulipokwisha kampuni ikaacha mashindano. Uadimu mwingine umetoka makaburini. Pesa za mauzo angalau waliziweka zisomeshe vijana, hilo nimelipenda.

Namkubali pia yule mpiga ngoma wa Pink Floyd, Nick Mason. Alinunua GTO yake mwaka 1977, akaishindanisha miaka na miaka, na watoto wake wameiendesha. Gari ni la kwenda.

Sasa hilo la kuuza kiwanja cha Mtwapa ununue Porsche kuukuu “ipande bei”. Kuukuu na adimu ni vitu viwili. Hati zake huna, injini hujui ya nani, na hewa yetu hii hula chuma usiku na mchana. Wenzako wale wana mabanda yenye viyoyozi, mazuri kuliko chumba chako cha kulala. Ukiipenda kwa kuipenda, nitakuja kukusikilizia injini, bure. Lakini kiwanja kiache.

Kirungu cha gia cha ile Datsun ninacho. Nilikifungua mwenyewe kabla yule wa skrepa hajafika. Kiko kwenye sanduku la spana, chini ya kitanda. Kachukue. Na ukirudi, nipitishie kahawa, ile ya tangawizi, si ile ya jana.